Mabadilishano ya nyukleoni kati ya viini viwili: makadirio ya nusu-klasiki yanaaminika kiasi gani?

"Mtaalamu, shikamoo. Ninasoma shahada ya uzamili ya fizikia, na tasnifu yangu inahusu mtawanyiko wa oksijeni-16 kwa oksijeni-16 kwenye nishati ya MeV 350. Potensheli naitengeneza kwa njia ya kukunja mara mbili, yaani kujumlisha kani kati ya kila nyukleoni (protoni au neutroni) ya kiini kimoja na kila ya kingine, nikitumia kani ya M3Y. Mabadilishano ya nyukleoni nilikuwa nimeyaweka kwa ile kani ya upeo sifuri yenye namba −276, na mambo yalikwenda vizuri. Msimamizi akaniambia niiache, nitumie upeo kamili pamoja na makadirio ya nusu-klasiki: momenta ya Fermi ya mahali (k_F, momenta kubwa kabisa ya nyukleoni pale) kwa ndani ya kiini, na momenta ya mahali kwa mwendo wa viini vyenyewe. Hapo ndipo nilipokwama. Kwanza, nilizima mabadilishano kwenye M3Y ya Paris (toleo mojawapo la kani hiyo; jingine ni la Reid) ili niipime programu, potensheli ikageuka kusukuma. Nimekosea wapi? Pili, nimeshaacha mawimbi yote ya l (namba ya momenta ya mzunguko) witiri kwa kuwa viini vyangu vinafanana. Je, sihesabu mabadilishano mara mbili? Tatu, kiini ni kitu cha kwantamu tupu. Mtahini akiniuliza kwa nini nimeingiza mbinu za nusu-klasiki ndani yake, nimjibu nini?"

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuzima sehemu moja ili uone zilizobaki zinafanya nini; ni kipimo ambacho wengi hukiruka. Maswali yako matatu yana shina moja. Umefundishwa, kama wanafunzi wengi, kuyaona mabadilishano kama rekebisho dogo linalopachikwa mwishoni juu ya potensheli iliyokwisha kukamilika. Ukishaliondoa wazo hilo, hofu zako nyingi zitaondoka nalo.

Tuanze na potensheli inayosukuma. Kwa hilo programu yako haina kosa, na unaweza kulithibitisha kwa kikokotoo cha mkononi. M3Y, iliyotolewa mwaka 1977 na Bertsch na wenzake, ni jumla ya Yukawa chache. Intigrali ya ujazo ya Yukawa yenye nguvu V na kipimo a, yaani V·exp(−as)/(as), ni 4πV/a³. Chukua sehemu ya moja kwa moja ya M3Y ya Reid: Yukawa ya 7999 yenye a = 4, na ya −2134 yenye a = 2.5. Utapata karibu −146 MeV fm³ (fm ni femtomita). Mabadilishano ya upeo sifuri yanayoambatana nayo ni −276 kwa nishati ndogo. Maana yake, takriban theluthi mbili ya mvuto wote unaoutumia inatoka kwenye mabadilishano. Sasa chukua ya Paris: 11062 yenye a = 4, na −2538 yenye a = 2.5. Sehemu ya moja kwa moja inatoka +131. Ni chanya, inasukuma. Mabadilishano yake yana Yukawa tatu, −1524, −518.8 na −7.847, yenye a ya 4, 2.5 na 0.7072, jumla yake, kabla hayajapunguzwa na chochote, ni karibu −995. Ndani ya kiini halisi namba hiyo hupungua sana, kwa sababu nitakazozieleza, lakini bado huishinda ile +131 kwa mbali.

Kwa hiyo ulipoyazima mabadilishano kwenye Paris uliondoa mvuto wenyewe. Tazama pia kwamba Reid na Paris zinatofautiana hata alama kwenye sehemu ya moja kwa moja, ilhali jumla zake zinakaribiana. Hapa kuna somo ambalo ningependa ulishike mapema: mgawanyo kati ya "moja kwa moja" na "mabadilishano" hauna kipimo chake maabara. Hutegemea umechagua kani gani. Kinachopimwa ni jumla. Ukiandika kwenye tasnifu kwamba mabadilishano ni asilimia kadhaa ya potensheli, taja ni kwa kani ipi, la sivyo sentensi hiyo haina maana.

Swali la pili nitalipita haraka kwa kuwa ni wepesi kulitatua. Oksijeni-16 ina spini sifuri, ni bosoni; viini viwili vinavyofanana lazima viwe na wimbi lisilobadilika vikibadilishana nafasi, ndiyo maana l za witiri zinatoka na zinabaki za shufwa tu. Huko ni kubadilisha kiini kizima kwa kiini kizima, nyukleoni 16 kwa 16. Mabadilishano ya M3Y ni ya nyukleoni moja ya kiini hiki na moja ya kile. Weka kaboni-12 mahali pa oksijeni mojawapo: sharti la shufwa linatoweka, l zote zinarudi, lakini mabadilishano ya nyukleoni mojamoja yanabaki vilevile. Huhesabu mara mbili. Katikati ya hayo mawili kuna mabadilishano ya mafungu, kwa mfano chembe ya alfa inayohama kutoka oksijeni kwenda kaboni na kuviacha viini vimebadilishana sura. Hayo huonekana kwenye pembe kubwa za nyuma, na potensheli yako ya kukunja haiyagusi kabisa. Ukilinganisha na data za oksijeni kwa kaboni siku moja na pembe za nyuma zikakataa kutii, usiilaumu momenta ya Fermi.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako.

Weka nyukleoni moja kwenye kiini cha kwanza, sehemu r₁, na nyingine kwenye kiini cha pili, sehemu r₂, umbali kati yao ukiwa s. Ni fermioni, na funksheni ya wimbi ya jumla lazima igeuze alama zikibadilishana. Ukiandika wastani wa nishati ya kani kati yao, sharti hilo linazaa vipande viwili. Kimoja kina densiti tu: uwezekano wa kuikuta ya kwanza pale ilipo mara uwezekano wa kuikuta ya pili pale ilipo, mara kani. Ndicho cha moja kwa moja. Cha pili hakina uwezekano wa kuikuta nyukleoni sehemu moja. Kina mawimbi ya nyukleoni ileile kwenye sehemu mbili, zilizotengana kwa s, yakizidishwa. Kitu hicho ndicho matriksi ya densiti, ρ(r, r+s), na unahitaji moja kwa kila kiini. Usije ukafikiri kuna nyukleoni inayoonekana ikiruka kutoka kiini kimoja kwenda kingine kwa wakati fulani. Ni matokeo ya kutoweza kuzitambua ipi ni ipi.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo watu hulisahau. Nyukleoni zikibadilishana, vitovu vya masi vya viini husogea kidogo: kimoja kwa s/A₁, kingine kwa s/A₂. Jumla yake ni s/M, ambapo M = A₁A₂/(A₁+A₂). Kwa hiyo potensheli iliyo kwenye umbali R inadai kujua wimbi la mwendo wa viini kwenye R + s/M pia. Haiko mahali pamoja tena, na mlinganyo wa Schrödinger unageuka kuwa mlinganyo wa intigrali.

Una basi vitu viwili vinavyosumbua: matriksi ya densiti ndani ya kila kiini, na wimbi la mwendo lililosogezwa. Makadirio ya nusu-klasiki yanaingia mara mbili, moja kwa kila kimoja, na ni lazima uyatenganishe unapojitetea, kwa sababu uimara wake haulingani.

La ndani kwanza. Kwenye maada ya nyuklia isiyo na mwisho, matriksi ya densiti inajulikana kamili: ni densiti mara 3j₁(x)/x, x ikiwa k_F mara s na j₁ ikiwa funksheni ya Bessel ya tufe. Funksheni hiyo huanzia 1 pale s inapokuwa sifuri na hushuka kadiri sehemu mbili zinavyoachana. Kwa densiti ya kawaida ya 0.16 fm⁻³, k_F ni karibu 1.33 fm⁻¹. Wazo la nusu-klasiki, ambalo asili yake ni Thomas na Fermi mwaka 1927, ni kukichukulia kila kipande kidogo cha kiini kana kwamba kimekatwa kutoka kwenye maada hiyo, kikiwa na k_F inayotokana na densiti ya palepale. Negele na Vautherin mwaka 1972 waliipa njia hiyo msingi wa mpangilio kwa viini halisi, na Campi na Bouyssy mwaka 1978 wakaonyesha namna ya kuichagua k_F ili rekebisho la kwanza limezwe humohumo. Kanuni yao ni hii: mraba wa k_F ni 5/(3ρ) mara (τ − ¼∇²ρ), ambapo τ ni densiti ya nishati ya mwendo. Kwa kuwa τ huijui bila kuwa na mawimbi yote ya nyukleoni, unaikadiria kwa Thomas-Fermi iliyopanuliwa, na unapata

k_F² = (3π²ρ/2)^(2/3) + (5/3)·C_S·(∇ρ/ρ)² + (5/36)·∇²ρ/ρ.

Namba C_S utaikuta kwenye maandishi ya fani ikiwa 1/36 kwa wengine na 1/4 kwa wengine. Nadhani hapo ndipo wanafunzi wengi huanza kuhisi kwamba wanapikiwa. Badala ya kuamini mtu, pima mwenyewe kwenye kiini ambacho jibu lake kamili linajulikana.

Chembe ya alfa inatosha. Nyukleoni zake nne ziweke zote kwenye obiti ya chini kabisa ya kitetemeshi, wimbi likiwa sawia na exp(−r²/2b²). Ukichukua b = 1.2 fm, kipenyo-nusu cha wastani kinatoka karibu 1.47 fm, kinachoelekeana na alfa halisi. Hapo matriksi ya densiti si makadirio: ni densiti ya katikati ya sehemu mbili mara exp(−s²/4b²), basi. Ukiilinganisha na 3j₁(x)/x kwa s ndogo, k_F inayotakiwa ni kipeuo cha pili cha 2.5/b², yaani 1.32 fm⁻¹, na haibadiliki popote ndani ya kiini. Sasa ipigie kanuni ya nusu-klasiki yenye C_S = 1/36. Kwenye r = 1.2 fm inatoa 1.29. Kwenye r = 2.4 fm inatoa 1.31. Kwenye kitovu, r = 0, inatoa 1.67, ambayo ni kubwa mno. Ukitoka nje kabisa hadi 3.6 fm inapanda hadi karibu 2.0, lakini pale densiti imebaki sehemu moja ya elfu kadhaa ya ile ya kitovuni.

Namba hizo hunifurahisha kila ninapozifikiria, kwa sababu alfa ina nyukleoni nne tu, na hakuna mtu mwenye akili timamu angeiita maada isiyo na mwisho. Hata hivyo kwenye ganda la nje, ambako viini viwili hukutana, kanuni inapatia hadi asilimia mbili hivi. Inapokosea ni kitovuni, na inakosea kwa kuzidisha k_F, yaani kwa kuyapunguza mabadilishano kuliko inavyostahili. Rudia sasa kwa C_S = 1/4: kwenye 1.2 fm unapata 1.64, na kwenye 2.4 fm unapata 2.41. Kwa densiti hii 1/4 inazidisha sana mkiani. Sababu si ngumu kuiona. Namba 1/4 ni sahihi kabisa kwa obiti moja ikisimama peke yake. Hapa imeongezwa juu ya kipande cha Thomas-Fermi na kipande cha laplasiani ambavyo tayari vimebeba sehemu ya kazi hiyohiyo. Kwa oksijeni yenye ganda la p hali si ileile, kwa hiyo sikwambii uitupe 1/4. Nakwambia ufanye hesabu kwa zote mbili na uchapishe tofauti. Tofauti hiyo ndiyo kipimo cha uaminifu wa hatua hii, na mtahini mwema ataiheshimu kuliko sentensi yoyote ya kujihami.

Turudi kwenye makadirio ya pili, ya mwendo wa viini. Hapa unasema kwamba wimbi lililosogezwa ni wimbi la awali mara exp(iK·s/M), ambapo K inatokana na nishati ya mwendo iliyobaki mahali hapo: K² = (2μ/ħ²)(E − V − V_C), μ ikiwa masi iliyopunguzwa, E nishati kwenye kitovu cha masi, V potensheli ya nyuklia na V_C ya Coulomb. Nahodha anayeshusha bildi mara moja na kuendesha jahazi kwa kina alichokipata anafanya jambo la aina hiyo: anaamini kwamba sakafu ya bahari haibadiliki sana ndani ya urefu wa chombo chake. Kwenye Bahari ya Hindi ya kina kirefu yuko salama. Juu ya mwamba wenye ukingo mkali hayuko. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: ndani ya umbali s/M, potensheli inabadilika kiasi gani?

Kwa oksijeni kwa oksijeni, M = 8. Sehemu ndefu kuliko zote ya kani, ile ya kubadilishana pioni moja, ina upeo wa 1.41 fm. Gawanya kwa 8 upate 0.18 fm. Hata tukikisia mteremko mkali wa MeV 80 kwa kila fm, ndani ya 0.18 fm potensheli inabadilika kwa MeV 14 hivi. Nishati ya mwendo pale ni mamia ya MeV. Momenta inabadilika kwa asilimia 2 tu. Ni bahari ya kina kirefu.

Linganisha na protoni inayogonga kiini kizito. M ni karibu 1, s haigawanywi na chochote, na ganda la kiini ambamo potensheli inashuka kutoka MeV 50 hadi karibu sifuri lina unene wa fm 2.4 tu. Protoni ya MeV 20 ikiwa katikati ya ganda, momenta yake inaweza kubadilika kwa karibu theluthi ndani ya upeo mmoja wa pioni. Ndiyo sababu kutokuwa mahali pamoja ni jambo zito kwa nyukleoni. Perey na Buck mwaka 1962 walipoiwekea potensheli ya nyukleoni upana wa kutokuwa mahali pamoja, walipata 0.85 fm. Kwa viini vyako viwili upana wa namna hiyo unagawanywa kwa 8, unabaki 0.11 fm. Kwa maneno mengine, mbinu ya nusu-klasiki unayoiogopa imetokea kuwa imara zaidi kwenye tatizo lako kuliko kwenye lile ambalo watu hulitumia bila wasiwasi.

Angalia sasa mashine nzima inavyofanya kazi. Ukishaweka makadirio yote mawili na kuchukua wastani wa pande zote, ndani ya intigrali ya mabadilishano kunabaki kani yenyewe, densiti mbili, funksheni mbili za 3j₁(x)/x, na j₀(Ks/M), ambapo j₀(x) ni sin(x)/x. Hizo tatu za mwisho ndizo zinazopunguza ile −995. Na ya mwisho ndiyo inayobeba nishati. Kwa MeV 350 za maabara, nishati kwenye kitovu cha masi ni 175. Tuseme potensheli kitovuni ina kina cha MeV 300. K inatoka 13.5 fm⁻¹, na K/M ni 1.7 fm⁻¹. Kwa s ya 1 fm, j₀ ni 0.59. Pandisha nishati hadi MeV 1120 na tuseme kina kimepungua hadi 250: K/M inakuwa 2.2 na j₀ inashuka hadi 0.37. Shusha hadi MeV 20 za kitovu cha masi na kina cha 350: j₀ ni 0.67. Mvuto unapungua nishati ikipanda kwa sababu wimbi linatetemeka mara nyingi zaidi ndani ya s na michango inafutana. Hakuna namba iliyochomekwa kwa mkono.

Hapo ndipo utaona msimamizi wako alikuwa anataka nini. Kani ya upeo sifuri nayo ina utegemezi wa nishati, kizidishi 1 − 0.005E/A, ambacho kwako kinapunguza mabadilishano kwa asilimia 11. Lakini ni namba iliyopatikana kwa kulinganisha na hesabu kamili za mtawanyiko wa protoni, na inashusha potensheli nzima ya mabadilishano kwa uwiano uleule kila mahali. Upeo kamili unaishusha zaidi mahali ambapo K ni kubwa, yaani ndani, na kidogo kwenye ganda. Umbo linabadilika pamoja na kina. Isitoshe, mabadilishano ya upeo sifuri yanataka densiti mbili zikutane kwenye nukta ileile, ilhali kani yenye mkia wa pioni inaanza kazi kabla hazijakutana.

Je, upeo sifuri ni mbaya basi? Hapana. Kwa mtawanyiko ambao ufyonzaji ni mkali na viini vinagusana magandani tu, mara nyingi unatosha, hasa ukiwa unaruhusu kizidishi kimoja cha kurekebisha nguvu. Kwa makadirio ya haraka mimi bado ningeutumia. Lakini wewe umechagua oksijeni kwa oksijeni kwenye MeV 350, ambako kuna upinde wa mvua wa nyuklia: sehemu ya wimbi hupenya ndani, hupindwa na kutoka ikiwa na habari za kina cha potensheli. Ndiyo data chache zinazoweza kutofautisha umbo moja na jingine. Kwenda pale na namba moja isiyo na umbo ni kuipoteza nafasi hiyo.

Kuna mambo matatu ya vitendo ambayo huwaangusha watu. K inategemea V, na V ina mabadilishano yanayotegemea K, kwa hiyo unazunguka hadi zitulie. Mizunguko michache hutosha, ila uanze mahali pazuri: ukianza na sehemu ya moja kwa moja ya Paris, ambayo inasukuma, E − V inaweza kuwa hasi kitovuni na programu ikapotea njia tangu hatua ya kwanza. Anza na potensheli yako ya zamani ya upeo sifuri. Ya pili, kwenye nishati ndogo, chini ya kizuizi cha Coulomb, K² huwa hasi kihalali kabisa. K ni namba dhahania, na j₀(x) inageuka kuwa sinh(x)/x. Programu inayochukua kipeuo cha pili bila kuuliza itakupa takataka au itakaa kimya na kuweka sifuri, na hilo la pili ni baya zaidi. Ya tatu, chapisha k_F² kwenye kila nukta. Densiti zilizotolewa kwa jedwali zina mikwaruzo mkiani, na laplasiani huikuza mikwaruzo hiyo bila huruma. Ukiona k_F² hasi au inayoruka, lainisha densiti kwanza.

Mtahini akikuuliza, basi, usimwambie kwamba kila mtu anafanya hivyo. Mwambie kuna makadirio mawili. La mwendo wa viini limesimama juu ya s/M ya 0.18 fm, na umeonyesha mabadiliko ya K ndani yake ni asilimia 2. La ndani ya viini umelipima kwenye alfa dhidi ya jibu kamili, umeona linapatia kwenye ganda na kuzidisha kitovuni, na umeonyesha matokeo yako ya mwisho yanabadilika kiasi gani C_S ikibadilika. Ongeza kwamba oksijeni-16 nayo inaweza kuwekwa kwenye kitetemeshi, ganda la s na la p, na matriksi yake ya densiti ikaandikwa kamili kwa mkono. Ukiweza kuiingiza hiyo badala ya makadirio na kulinganisha potensheli mbili, utakuwa umelijibu swali kabla halijaulizwa. Ni kazi ya siku kadhaa za algebra, na kwa maoni yangu ingekuwa sura bora kuliko zote kwenye tasnifu yako.

Mipaka iwe wazi pia. Njia hii haihesabu mabadilishano ya nyukleoni mbili au zaidi kwa pamoja, na inaziacha densiti zikiwa zimeganda hata viini vinapoingiliana sana. M3Y tupu haijui kwamba kani hudhoofika ndani ya maada nzito. Ndiyo maana kuna matoleo yenye kutegemea densiti, na kwa upinde wa mvua utayahitaji. Usijaribu kuziba upungufu huo kwa kuchezea C_S. Na ukigeukia baadaye mmenyuko wa deuteroni inayoacha neutroni na kutoa protoni, usihamishe potensheli ya mahali pamoja kirahisi hivyo: wimbi halisi la nyukleoni ndani ya kiini ni dogo kuliko linalotolewa na potensheli mbadala. Kwa kina cha MeV 50 na upana wa 0.85 fm, kanuni ya Perey inatoa kizidishi cha 0.83, na kasoro hiyo inakwenda moja kwa moja kwenye matokeo.

Ni lini uache kusoma majibu ya mbali na ukae na mtu? Mizunguko ya K ikikataa kutulia hata ukianzia pazuri. Kipimo cha alfa kikitoa namba tofauti na nilizoandika hapa kwa zaidi ya tarakimu ya mwisho. Au ukilazimika kuzidisha potensheli nzima kwa kizidishi kilicho mbali na 1 ili ifuate data. Hayo hayatatuliwi kwa maelezo, yanataka macho mawili mengine juu ya programu yenyewe. Mpelekee msimamizi wako karatasi moja yenye safu nne, R, K, sehemu ya moja kwa moja na mabadilishano, kwa nukta kumi tu. Kama mgogoro ni wa nadharia kuliko programu, taasisi mshirika wa ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia) iliyoko Kigali iko karibu nasi na inahusika na fizikia ya msingi. Muulize msimamizi akuunganishe na mtu wa huko. Ukifikia hatua ya kutatua mlinganyo wa intigrali bila kuugeuza kuwa wa mahali pamoja, tafuta mtu aliyekwisha kuufanya kwa nyukleoni na ukae naye wiki nzima kabla hujaandika mstari wa kwanza wa programu.